Laana ya Noeli

Katoyi, tarehe 7 septembre 2025

Kwako Exaucée, mutoto wangu, kama ungali unaitika nikikuita hivyo,

Mimi ni muzima. Sikuandike juu ya kukuuliza habari.

Achille, ule mwenye kuuza makala ya kupikia hapa ku kona, amekuona siku ya Alhamisi, jeudi tatu zenye kufuatana, ukishuka mu bisi ya Kiwanja. Anasema alikusalimia na ukamuitikia vizuri, nikamuambia basi haikuwa yeye. Kumbe ni wewe. Miaka tatu sijasikia sauti yako, na wewe unapita Goma kila juma, unalala kwa bamasista, unarudi, na haufike hapa mutaa wa Katoyi ku nyumba ya baba yako. Kutoka pale bisi inasimamaka mpaka hapa, mimi na miaka yangu makumi saba na mbili ninaenda na kurudi mbele chai ipoe.

Achille anasema tena unaingiaka mu ile centre ya bagonjwa ya kichwa. Sasa unisikilize. Mimi nilisoma mpaka troisième primaire, darasa la tatu, lakini mukuta ya kanisa ya paruwasi ni mimi niliijenga, jiwe kwa jiwe, na tetemeko ya 2021 ilipoangusha mikuta ya bainjenieri, yangu haikupasuka hata pa kuingiza unyoya. Nikiweka jiwe, linakaa. Nikisema neno, linakaa. Unajua neno lenye nilisema juu yako Noeli ya 2019, batu makumi mbili balisikia. Ulivunja vioo vya madirisha yote ine mbele ya bageni, ukaniambia uso kwa uso kwamba mama yako nilimuua mimi na ugumu wa roho yangu. Nikapiga mukono chini mara tatu nikasema: utapendwa asubuhi, utachukiwa mangaribi, na hautapata pa kutulia. Je, haikukuwa? Bwana, miezi tano. Kazi ku pharmacie, miezi mbili. Barafiki wako bako wapi?

Basi dawa haiko mu bureau ya mutu. Dawa niko nayo mimi. Kuja na kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kwetu Kabare, siyo maji ya rangi yenye banauza mu chupa. Upige magoti mbele ya jamaa, niikunywe, nikutemee ku kichwa, laana iishe. Lakini kwanza uache hizo jeudi. Mulango mumoja haufunguliwe na batu wawili wenye funguo tofauti.

Ni mimi baba yako,
Zihindula Grégoire, fundi wa mawe


Kiwanja, 14 septembre 2025

Papa,

Chauffeur wa bisi alinipa barua yako. Ninakujibu kwa karatasi, kwa sababu kwa simu tunajuana. Kule centre walinifundisha hivi: nikiwa na kasirani ninaandika, barua inalala siku mbili chini ya mashini yangu ya kushona, kisha ninaisoma tena na ninafuta. Hapa mwanzoni palikuwa mistari sita juu yako. Nimeifuta. Nitakuambia yaliyobaki.

Ugonjwa wangu una jina. Ni jina la Kifaransa, trouble borderline, na sijui la kwetu. Madame Sylvie, psychologue, mutaalamu wa mambo ya roho, anayenifuata, alinieleza, na mimi nitakueleza kwa mawe maana ndiyo unayasikia. Huko Goma sisi wote tunatembea juu ya mawe ya volcano, lakini wengine wamevaa viatu. Mimi niko peku. Mutu akichelewa kunijibu, kwangu amekwisha kunitupa. Akinichekea, ninampa roho yangu yote. Kesho yake akisahau kunisalimia, ninataka afe, ao nife mimi. Jeudi zangu ni za kujishonea viatu. Inaenda pole pole. Ni miezi kumi na ine sijalala hospitali. Papa, usiipite hiyo hesabu mbio.

Sifiki Katoyi kwa sababu ninakuogopa. Sikusema ninakuheshimu. Ninakuogopa.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mutu anaitwa Luc Habiyaremye, mwalimu. Tulijuana Goma wakati yeye na mama yake walikuwa wakimbizi, sasa wamerudi kwao hapa Kiwanja, na mimi nilihamia kwa dada ya mama. Anajua yote: hospitali, alama za mikono, bwana wa kwanza. Anataka kunioa. Mama yake, Mama Nyiramahirwe, ni mutu mwema, ananipa maziwa kila asubuhi. Lakini alisikia neno lako la Noeli, na amesema ng'ombe wake wa mahari hawatakanyaga kwenye nyumba yenye laana ambayo mwenyewe hajaiondoa.

Ninakuomba umuandikie mistari miwili kwamba imeondoka. Sitapiga magoti na sitaacha jeudi. Nikikuletea kasiksi leo, kesho utatangaza Katoyi yote kwamba ni wewe uliyeniponyesha, na siku nikianguka tena sitajua nishike wapi.

Exaucée


Katoyi, tarehe 18 septembre 2025

Exaucée,

Umefuta mistari sita. Mimi sifutake. Fundi mwenye kubomoa mangaribi mukuta yenye alijenga asubuhi, huyo siyo fundi, ni kuku mwenye kuchakura.

Unaniletea viatu. Mimi mwaka wa 2002 nilipita juu ya lave, moto ya volcano, ingali inatoa moshi, mama yako ku mugongo na wewe ku kifua, na viatu vyangu viliyeyuka ku hatua za kwanza, nikaenda mbele. Sikutafuta psychologue. Na huyu Sylvie wako, Achille anasema hana hata mvi moja. Mutu asiye na mvi atajua nini juu ya roho ya mutu? Anakaa ku kiti, anakuuliza umelala namna gani, na wewe unapanda bisi masaa yote hiyo kwenda kuulizwa umelala namna gani. Ningekuuliza mimi, bule.

Miaka kumi na moja niliomba Mungu anipe wewe, njo sababu nikakuita Exaucée, ombi lenye kusikiwa. Leo unanipima na mita kama kitambaa. "Mistari miwili." Laana siyo facture ya duka ya kusema weka sinyature hapa. Inaondolewa na magoti chini.

Na huyo mwalimu wako mwenye kungoja mama yake amupe ruhusa ya kuoa, batoto anabafundisha nini?

Chagua. Jeudi ao baba. Kama ni jeudi, ubakie na laana yako, uishonee na viatu. Mama yako pia ulimuchagulia hivi. Alikufa akiangalia mulango, akiuliza kama umefika.

Zihindula Grégoire


Kiwanja, 20 septembre 2025

Hii haikulala.

Wewe ni jiwe. Sikuzaliwa na baba, nilizaliwa na mukuta. Mama alikufa na woga wa kukuogopa wewe, si kwa kuningoja mimi, na unalijua, ndiyo maana vioo vile vilikuuma kuliko kilio chake. Mwaka wa 2022 nilipolala urgences ya hospitali haukufika. Watu wasionijua walinishika mukono. Wewe ulikuwa unasifu mukuta wako.

Siku utakufa nitapita Katoyi na bisi na sitashuka.

Usiniandikie tena. Usiponiandikia nitajua kwamba ni kweli nilivyosema. Usiniandikie.

E.


Katoyi, tarehe 23 septembre 2025

Kwa Madame Sylvie, pale centre,

Haunijui. Mimi ni Zihindula Grégoire, baba ya Exaucée. Uliza mu Katoyi, watakuonyesha nyumba yangu hata mutoto wa jana.

Nakutumia barua yenye binti yangu aliniandikia. Isome vizuri, wewe mwenye diplome. Miezi kumi na ine ya kushona viatu, na angalia mushono wenyewe. Mutoto mwenye kumuambia baba yake siku utakufa sitashuka, huyo umemuponyesha nini? Mimi nikimujengea mutu mukuta, ikianguka kisha mwaka moja, sikuje kumuambia ilikuwa inaenda pole pole.

Ninakuuliza swali la mutu muzee, na unijibu bila Kifaransa: ugonjwa huu unaponaka, ao munakula pesa za bisi za batu tu?

Kama hauponi, useme. Nitamurudisha hapa nifanye kazi yangu mwenyewe.

Zihindula Grégoire


Goma, 2 octobre 2025

Papa Grégoire,

Ninakuandikia kwa ruhusa ya Exaucée, na amesoma barua hii kabla ya kuifunga.

Unaponaka. Si kwa wote, si kwa sindano, na si kwa mwaka mmoja kila mara. Lakini watu wengi wenye ugonjwa huu, wakifuatwa vizuri na wakivumilia, wanafika mahali ambapo wanafanya kazi, wanapenda na kupendwa, na hospitali inawasahau. Kasirani haifi. Mutu anajifunza kufanya nayo kitu kingine.

Barua uliyonitumia niliisikia kabla ya bahasha yako. Alinipigia simu siku ile ile ya kuituma, akalia, akanisomea maneno yote bila kupunguza hata moja. Wewe umeangalia maneno aliyoandika. Mimi niliangalia alichofanya kisha. Miaka miwili iliyopita, baada ya barua kama ile, wangenipigia kutoka urgences. Mara hii alitia uso wake mu maji ya baridi, akaenda kukaa kwa jirani ili asibaki peke yake, na siku ya tatu alikuwa kwenye mashini, akishona sare za wanafunzi. Sikuzishona mimi, Papa.

Na laana yako sina ugomvi, hiyo si kazi yangu. Nina swali moja tu, na haulazimishwe kunijibu. Kabla ya Noeli ile, alikuwa mutoto mutulivu?

Kiti chako kipo jeudi yoyote saa nane.

Sylvie


Kiwanja, 8 octobre 2025

Papa,

Hii imelala siku tatu.

Niliyosema juu ya kufa kwako, ninaomba radhi. Nilitaka uumie, na nilichagua jiwe kubwa. Niliyosema juu ya woga wa mama, siyafuti, lakini ningeweza kuyasema nikiwa nimekaa.

Sitaomba tena ile mistari miwili. Mama Nyiramahirwe amengoja, sasa amesema mwisho ni Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, kisha Luc atafute pengine. Hapigi kelele. Anapika, anasema, "Mutoto wangu, mimi sikukatae, ninakataa kile kilicho nyuma yako." Luc anasema tuoane bila ng'ombe. Nimekataa. Nimeingia kwa watu kwa mulango wa nyuma maisha yangu yote.

Lakini Luc si sababu ya kukuandikia leo. Kuna jambo ambalo sijamuambia mutu isipokuwa Sylvie. Kila mara nikianguka, ninajiuliza: ni ugonjwa, ao ni neno la Papa? Kama ni ugonjwa, ninajua cha kufanya, nimejifunza. Kama ni neno lako, basi jeudi zangu zote ni kuteka maji na kitunga. Ulisema utapendwa asubuhi, utachukiwa mangaribi. Daktari alipoandika ugonjwa wangu kwenye fiche, karatasi ya hospitali, aliandika karibu hivyo hivyo. Nilitoka mu bureau nikicheka, na wauguzi walinifuata nyuma.

Sylvie hawezi kunijibu hilo. Ni wewe tu. Haupendi kunijibu, najua, unapenda kuwa na jibu.

Exaucée


Katoyi, tarehe 19 octobre 2025

Exaucée,

Hii usome peke yako, kisha uichome ao uiweke, ni juu yako.

Nimeketi na kalamu hii siku kumi. Achille aliniuliza kama ninaandika kitabu.

Laana ile niliiondoa. Siyo leo. Ilikuwa samedi kisha sikukuu ya Ascension, Bwana kupaa mbinguni, tarehe 28 mai 2022. Hakuna mwenye aliniomba. Nililetewa kasiksi kutoka Kabare, ya kweli, niliilipia mwenyewe usafiri. Shangazi yako Généreuse alikuwa shahidi, njo sababu hakuna mwenye kujua, alienda nayo ku kaburi. Ulikuwa umeacha gilet, ile sweta yako ya kijani, nyuma ya mulango. Nikaivalisha kiti, nikanywa, nikaitemea mara tatu, nikasema maneno yote kama baba yangu alinifundisha, sikuruka hata moja. Niliyasema vizuri. Généreuse alisema hajasikia mutu kuyasema vizuri hivi tangu muzee wetu.

Kisha nikangoja. Nilijua utakuja mardi, siku ya tatu. Sijui juu ya nini mardi, nilijua tu. Nilifagia lupango, uwanja wote wa nyumba, mimi mwenyewe na mukono yangu.

Mardi njo banapiga simu. Kuja mbio ku urgences, ni mutoto wako.

Unasema sikufika. Nilifika. Nilisimama ku mulango. Ulikuwa umelala, unatoka jasho, muuguzi mumoja amekushika mukono, na mimi nikaona kwamba neno langu halikufika hata ku kitanda. Neno lenye nililisema vizuri. Nikarudi. Nilitembea na miguu mpaka Katoyi na kofia mu mukono, nikapita batu nikikosa kubasalimia.

Sasa wewe umesoma, piga hesabu. Kama neno la kufungua lilikuwa upepo, na lile la kufunga lilikuwa nini? Madame wako aliniuliza kama ulikuwa mutulivu mbele ya Noeli. Nikamukasirikia siku ine, juu jibu nilikuwa nalo. Haukuwa. Ulipokuwa na miaka kumi na tano ulimupenda rafiki yako Dorine mpaka ukamupa viatu vyako vya komunyo, kisha juma moja ukachoma picha zake zote ku baraza, ukalia mpaka ukatapika. Mama yako alisema mutoto huyu anaumwa. Nikasema anaringa. Mimi nilikuwa ninakuona hivyo miaka ine mbele ya Noeli, pengine hata miaka kumi, na ile siku niliyokasirika nilisema tu kile macho yangu ilikuwa imezoea kuona. Njo sababu ile fiche ilifanana. Sikukupa ugonjwa. Nilikutukana nao.

Nikanyamaza. Batu ya Katoyi balikuwa banasema, Zihindula akilaani mutu, huyo mutu amekwisha. Balikuwa banavuka barabara kunisalimia. Nikaona ni heri niitwe baba mwenye laana kali kuliko baba mwenye baraka ya bule. Nikakuacha uibebe, na nilijua mu kifurushi hamuna kitu.

Ulitaka jibu, hili hapa. Ukianguka ni ugonjwa. Fanya vile ulifundishwa.

Usiniandikie kwamba umenisamehe, sijaomba. Na usifikiri ninapenda hiyo centre. Jeudi nilipita pale ku njia, nikaona viti vyenyewe kupitia dirisha. Ni vya plastike. Mutu wa kimo changu hawezi kukaa pale saa nzima.

Baba yako


Katoyi, tarehe 20 octobre 2025

Kwa Mama Nyiramahirwe, Kiwanja,

Mimi ni Zihindula Grégoire. Jina langu unalijua, juu unalitumia.

Unasema ng'ombe zako hazitakanyaga hapa juu ya laana. Laana ilikuwa. Niliitoa mimi, mbele ya batu, na nikaiondoa mimi, tarehe 28 mai 2022, na kasiksi, na shahidi mumoja mwenye sasa ni marehemu. Kama unataka niape, nitaapa kwa Padri.

Sasa usikimbie kusema, aa, basi njo ile ilimuponyesha. Haikumuponyesha. Kisha ile alibakia mugonjwa miaka mbili mizima. Mimi sikufanya kitu. Kuandika maneno hayo imenikamata asubuhi nzima, kwa hiyo uyasome mara mbili: mimi sikufanya kitu. Mwenye kumuinua ni yeye mwenyewe, na mwanamuke mumoja wa hapa anaitwa Sylvie, asiye na mvi. Kila jeudi anatoka kwenu mbele jua lipande, anakuja kufundishwa kuishi. Wewe unamuona akirudi. Je, ulishamuuliza anatoka kufanya nini?

Sikudanganye kwamba amekwisha. Mwezi uliopita aliniandikia barua ya kasirani yenye hata askari hangeituma. Lakini kisha siku tatu alikuwa ku kazi, na juma la tatu aliniandikia tena kama mutu muzima, akaomba radhi kwa kile alikosa na akashikilia kile hakukosa. Mimi kasirani yangu ina miaka sita na sijaifanyia hivyo hata siku moja. Basi kati yangu na yeye, angalia vizuri nani ni mugonjwa mbele ya kuchagua bashemeji.

Kama mutoto wako anamutaka, lete ng'ombe, mulango uko wazi, na mawe ya hapa hayatelezi.

Kama unaogopa, ogopa. Ni haki yako, batu bengi balimuogopa, na mimi wa kwanza. Mukatae basi, lakini umukatae na kinywa chako. Jina langu uliache.

Zihindula Grégoire,
baba ya Exaucée